Maneno ya Hisabati Ambayo Mtoto Anayo Tayari



Imekuwa ada mtoto aingiapo sekondari kurudi nyumbani na kauli moja, kwamba hisabati ni ngumu. Tukimwuliza ugumu wenyewe uko wapi, mara nyingi twaona hauko katika kujumlisha wala katika kugawanya. Uko katika majina. Mtoto wa Tanzania Bara aliyesoma shule ya msingi ya serikali amefundishwa kiasi na asili, shufwa na witiri, namba tasa, mraba na mstatili. Akivuka kwenda kidato cha kwanza anakutana na denomineta na wenzake wa Kiingereza, akadhani ameletewa elimu nyingine. Wa Kenya naye husoma hisabati kwa Kiingereza, na majina haya ya Kiswahili huenda asiyasikie darasani kabisa. Na wote wawili wakiwa chuoni jioni husomeshwa hesabu ile ile kwa jina la mirathi, na ni nadra kupata mtu wa kuwaambia kuwa mambo hayo ni mamoja.

Tuanze na sehemu. Katika Sura An-Nisaa, aya ya 11, ya 12 na ya 176, mafungu ya warithi yametajwa kwa vipimo sita: nusu, robo, thumuni, thuluthi mbili, thuluthi na sudusi. Lugha yetu ina na mengine: humusi ni moja ya tano, subui moja ya saba, tusui moja ya tisa, ushuri moja ya kumi. Kijana aliyezoea majina haya hana sababu ya kuogopa sehemu. (Ila asidanganywe na sarafu: senti hamsini wazee waliziita thumuni, nazo ni nusu ya shilingi. Hilo ni jina la pesa, si la hesabu.)

Nambari ya juu ya sehemu huitwa kiasi, na ya chini huitwa asili; hiyo asili ndiyo denomineta. Mwenye kusoma faraidhi atalitambua neno hili mara moja, kwani wanavyuoni husema "asili ya masala", nao wana maana ya nambari ndogo kuliko zote inayogawika sawasawa kwa asili za mafungu yaliyopo. Thumuni na sudusi zikikutana, asili ya masala ni 24, kwa kuwa 24 yagawika kwa 8 na kwa 6. Mwalimu wa shule huliita jambo hilo hilo kigawe kidogo cha shirika, na kwa kifupi KDS.

Sasa tutoe mfano. Mtu amekufa, na baada ya mazishi, madeni na wasia imebaki minazi 56 iliyo sawa kwa thamani. Ameacha mke, wana wawili wa kiume na mabinti watatu. Mke ana thumuni, kwa kuwa marehemu ana watoto. Thumuni ya 56 ni minazi 7. Inabaki 49. Mtoto wa kiume hupata mara mbili ya binti. Basi fungu la binti mmoja tuliite "kitu". Mabinti watatu wana vitu vitatu, wana wawili wana vitu vinne, jumla vitu saba. Vitu saba ni minazi 49, kwa hiyo kitu kimoja ni minazi 7. Kila binti atapata 7, na kila mwana 14.

Mzazi aliyefuata hesabu hiyo amekwisha kufanya aljebra. Shuleni mahali pa kitu huandikwa x, na mstari wote wa 7x = 49 huitwa mlinganyo, kwa sababu pande zake mbili zimelingana. Wala neno "kitu" hatukulibuni. Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, aliyeishi Baghdad zama za Khalifa al-Maamun (aliyetawala mwaka 813 hadi 833), aliita nambari isiyojulikana "shay'", yaani kitu, ndiyo shei yetu sisi. Kitabu chake cha al-jabr ndicho kilicholipa somo jina lake, na sehemu kubwa ya kitabu hicho ni masuala ya wasia na mirathi. Al-jabr kwa Kiarabu ni kuunga kilichovunjika, kama mganga aungavyo mfupa. Basi haifai mtoto wa nyumba ya Kiislamu kuambiwa kuwa aljebra ni elimu ya watu wengine.

Maneno mengine tuyapitie upesi. Shufwa ni nambari zinazogawika kwa mbili, na witiri ni zisizogawika hivyo. Sura Al-Fajr, aya ya 3, imezitaja zote mbili, na kila asaliye witiri aijua maana yake. Namba tasa ni ile isiyogawika ila kwa moja na kwa nafsi yake, kama 2, 3, 5, 7 na 11. Aliyeichagulia jina hilo alichagua vizuri. Asilimia ni sehemu ambayo asili yake ni mia. Zaka ya fedha ni robo ya ushuri: robo mara moja ya kumi ni moja ya arubaini, nayo ni asilimia mbili na nusu.

Twayasema haya si kwa ajili ya mtihani peke yake. Nyumba isiyo na mtu wa kukokotoa, siku ya kugawa mali hukubali hesabu ya mwenye sauti kubwa, na anayepunjwa aghalabu ni mjane au yatima. Mtoto aliyehifadhi kuwa mke ana thumuni, lakini hawezi kuitoa thumuni hiyo katika 56, hawezi kumsaidia mama yake.

Tena yapo masuala ambayo kuhifadhi peke yake hakutoshi. Mtu ameacha mke, mabinti wawili, baba na mama. Asili ni 24: mke 3, mabinti 16, baba 4, mama 4. Jumlisha, utapata 27! Imepokewa kuwa Sayyidna Ali aliulizwa masala haya akiwa juu ya mimbari, akajibu papo hapo kuwa thumuni ya mke imekuwa tusui. Mali hugawanywa mafungu 27, na 3 katika 27 ni moja ya tisa. Kila mrithi amepungukiwa kwa kadiri ya fungu lake. Wanavyuoni huita jambo hilo aul.

Vijana wajaribu hili: mwanamke amekufa, ameacha mume na dada wawili wa baba mmoja na mama mmoja, wala hana mrithi mwingine. Mume ana nusu, dada wana thuluthi mbili. Tafuteni asili, kisha mtuambie mume amepata ngapi katika ngapi. Jawabu litatoka katika toleo lijalo, inshallah.