Kamera Ibaki Mashuani

Kila ninapokwenda kuzamia nasikia ushauri uleule: anayeanza anunue kamera ndogo mapema, ajifunze yote kwa pamoja. Naupinga. Aliyeanza juzi bado anahangaika na pumzi zake. Mpe kamera, asahau hata mapezi yake yako wapi. Pale Mnemba nimemwona mtu akipiga magoti juu ya tumbawe ili mkono utulie. Matumbawe ya duara hukua milimita chache tu kwa mwaka.

Wauzaji nao wanasifia megapikseli. Waulize kina! Olympus TG-6, kipenzi cha wanaoanza, inastahimili mita 15 bila kasha. Cheti cha kwanza cha uzamiaji kinakuruhusu mita 18. Kwa hiyo bei yake halisi ni kamera na kasha, na mpira wa kasha uukague kila mara, maana unywele mmoja unatosha kuingiza maji.

Hata hapo bahari haikuachi. Maji humeza rangi nyekundu kwanza. Kwenye mita 10 samaki mwekundu anaonekana wa kijivu. Ukiwasha fleshi, iliyo karibu mno na lenzi, inamulika chembe zilizo majini na picha inajaa vidoa vyeupe. Dawa ni kumsogelea samaki, na kusogea bila kugusa kitu ndiko hasa asikokuweza mgeni.

Basi waalimu mnaokodisha kamera siku ya kwanza, acheni. Mwanafunzi aelee kwanza dakika nzima juu ya mchanga, mikono kifuani, asipande wala asishuke.