Ushauri wa Sheria Usiwe Bidhaa ya Wenye Fedha

Wapo wanasheria, waliosomeshwa kwa jasho la mkulima, wanaoamini kwamba elimu yao ni ya kumtumikia mwenye fedha peke yake. Kasumba hiyo haina budi kupigwa vita.

Tuvitazame vikundi vya hiari vinavyolea yatima na kuwasaidia wajane. Havitafuti faida, lakini mbele yavyo ipo milango mingi: Sheria ya Jumuiya, Sheria ya Miunganisho ya Wadhamini, na Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya 2002. Viingie mlango upi? Marekebisho ya 2019 yalipoyataka mashirika yaliyosajiliwa kama kampuni yahame, mwenye wakili aliambiwa la kufanya. Asiye naye alimwuliza nani?

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 ilimlenga mtu asiye na uwezo. Ni hatua njema. Lakini je, wanyonge ishirini wakiungana, unyonge wao umekwisha?

Ndugu walimu na watumishi wa umma, ninyi ndio mnaoombwa kuandika katiba za vikundi hivi. Msinakili ya wengine na kubadili jina tu. Elezeni waziwazi nani ataidhinisha fedha, na mali itakwenda wapi kikundi kikivunjika. Andikeni kwa Kiswahili, ambacho tangu 2021 ndicho lugha ya sheria zetu.

Nao wanasheria wa halmashauri watoke ofisini, wawafuate wananchi. "Njoo kesho" si ushauri wa kisheria, ni urasimu. Sheria asiyoielewa mnyonge hugeuka kuwa mali ya mjanja.