Acha kuongeza taa, weka kiakisi kwanza!

Wapenzi wa samaki, leo nina ugomvi nanyi. Mimea ya tangi ikidhoofika kidogo tu, ushauri ni ule ule: ongeza taa! Kuna hata kanuni yake, wati kadhaa kwa kila galoni ya maji. Kanuni hiyo inapotosha. Wati hupima stima inayoingia kwenye taa, si mwanga unaofika majini. Sisi watu wa programu tunaijua tabia hii: programu ikienda polepole, mtu anakimbilia kununua RAM badala ya kurekebisha msimbo mbovu.

Hebu fikiria. Tyubu ya kawaida ya T8 hutoa mwanga pande zote, nyuzi 360. Samaki na mimea wako chini. Karibu nusu ya mwanga huo unaelekea juu, kwenye kifuniko alichokuchongea seremala, na mbao tupu humeza sehemu kubwa yake. Yaani unalipa bili kupasha mbao joto! Ukiongeza tyubu ya pili, umeongeza hasara ile ile mara mbili.

Rangi nyeupe ni afadhali, ila hutawanya mwanga ovyo. Bati laini la alumini inayong'aa huuelekeza. Kila tyubu iwe na bati lake. Bati tambarare hurudisha mwanga mwingi kwenye tyubu yenyewe, ukapotelea hapo. Likunje kwa umbo la herufi M, bonde la katikati likiitazama tyubu, ili mwanga upite kandoni ushuke majini.

Hapa sasa sina mzaha. Alumini hupitisha umeme, na hizo ni volti 240 juu ya maji. Wanaobandika foili ya jikoni kwa gundi wanacheza na maisha yao: mvuke hulegeza gundi, foili ikaning'inia hadi kwenye pini za tyubu. Funga bati kwa skrubu zisizoshika kutu, mbali na pini, fundi wa stima aliunganishe na waya wa ethi, na pawe na kioo kati ya taa na maji. Chomoa plagi kabla ya kutia mkono.

Utaniambia, "Siku hizi ni LED." Sawa. Mwaka 2023 nchi za Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki zilikubaliana taa za fluoresenti zikomeshwe kufikia 2027. Lakini jiulize kwa nini LED inatosha kwa wati chache. Sababu mojawapo ni kwamba huelekeza mwanga upande mmoja, kazi ile ile ambayo bati lingeifanyia tyubu uliyo nayo sasa.

Kwa hivyo kabla ya kufungua pochi, fungua kifuniko uangalie mwanga wako unaenda wapi. Anayebisha alete hoja, asilete wati.