Mwaloni Ungojao Mvua

Wasomaji wetu waijua mialoni ya Mamre tangu kusoma habari za Ibrahimu. Jamaa ya mialoni ni kubwa, nayo ina aina zaidi ya 400. Leo twaeleza mmoja tu, uotao wenyewe California, katika Marekani, wala si penginepo. Wenyeji huuita mwaloni wa samawati kwa rangi ya majani yake. Hukaa vilimani, ambako tangu Mei hata Septemba mvua ni haba sana. Ukame ukizidi, huangusha majani kabla ya wakati wake, ukasimama mtupu kama mti uliokufa. Kumbe wangoja mvua. Iko iliyopita miaka 400.

Matunda yake ni ghala ya nyika. Ayala na dubu hunenepa kwayo. Kigogota wa huko hutoboa gogo, akatia tunda moja katika kila tundu, na mti mmoja waweza kuwa na matundu hata 50,000, kazi ya vizazi vingi. Tunda likinywea kwa kukauka, hulihamishia tundu lililo dogo zaidi. (Ni wangapi kwetu watunzao ghala hivyo?) Ndege mwingine, wa jamaa ya kunguru, huyazika ardhini, na yale asiyoyarudia huota.

Basi, mbona vilima vingi vina wazee, na watoto hawaonekani? Nyasi zilizoletwa kutoka nchi za Bahari ya Kati huuwahi unyevu wa ardhi. Ng'ombe na ayala hula machipukizi. Panya wachimbao hukata mizizi. Ukame wa miaka 2012 hata 2016 uliua wazee wengi, na wa kushika mahali pao ni wachache.

Apandaye na aokote matunda yangali mazito, maana yakikauka hayaoti. Ayatie majini, ayatupe yaeleayo. Alilaze tunda ubavu, alifunike kwa udongo wa unene wa vidole viwili, papo hapo mti utakapokaa. Kwa kuwa mzizi hushuka mbali kabla shina halijatokea, nao hauvumilii kuhamishwa. Azungushe wavu wa waya, ang'oe nyasi pande zote. Kiangazi cha kwanza na cha pili anyweshe kwa nadra, lakini maji yafike chini. Kisha aache kabisa: mwaloni mzima ukinyweshwa wakati wa joto, ukungu wa udongoni huozesha mizizi yake.