Daftari la LUKU na ubishi wa watu wa kompyuta

Wadau, leo siasa naziweka pembeni. Kuna ubishi wa watengeneza programu nimeusikia mno, nami nautia neno: kitu kimoja kinachogombewa na wengi kisimamiwe kwa mtindo wa zamani au wa objekti? Msikimbie, uinjinia hauhitajiki.

Chukua nyumba ya kupanga pale Tandika, vyumba sita, mita ya LUKU moja. Daftari la michango liko barazani, limeandikwa 10,000. Mama wa chumba cha pili anasoma, anaingia ndani kutafuta 5,000 yake. Huku nyuma kijana wa chumba cha tano naye anasoma 10,000. Kila mmoja anarudi, anaweka hela, anaandika 15,000. Kwenye kopo mna 20,000, daftari linasema 15,000. Mwisho wa mwezi mnaitana wezi, na hakuna aliyeiba!

LabVIEW, iliyotoka mwaka 1986, ni lugha ambayo programu huchorwa kwa visanduku na nyaya. Humo ugonjwa huu unakuja kirahisi sana, maana visanduku visivyotegemeana huweza kufanya kazi kwa pamoja bila wewe kuomba. Dawa ya zamani ni ufunguo: anayetaka daftari auchukue, akimaliza aurudishe. Safi, mpaka siku mtu aondoke nao kwenda Mbagala. Nyumba nzima inasimama.

Watu wa objekti wanasema daftari lifichwe, liwe na mtunzaji. Humwambii "lete daftari", unamwambia "ongeza 5,000". Napenda. Tatizo ni kwamba klasi zilipoingia LabVIEW mwaka 2006 ziliingia na tabia ya nakala: ukigawa waya, kila tawi linabaki na data yake. Yaani kila mpangaji na mtunzaji wake, na daftari lake! Toleo la 2009 ndilo lililoleta rejea ya data, ambayo humfungia mlango anayefuata mpaka wa kwanza amalize. Wakongwe walikuwa na hila yao siku nyingi: kisanduku kimoja kinachokumbuka thamani yake na kumhudumia mwitaji mmoja kwa wakati. Mtunzaji tayari, bila klasi.

Kwa nini mwandishi wa habari ajali? Kwa sababu sisi ndio wenye kifaa kimoja na wanafunzi mia. Mradi wa iLab wa MIT ya Marekani uliwashirikisha Mlimani, Makerere na Obafemi Awolowo ya Nigeria, ili mwanafunzi afanye jaribio kwenye mtambo halisi akiwa mbali, kupitia intaneti. Waliutatuaje ugomvi? Majaribio ya kutuma na kusubiri jibu yaliwekwa kwenye foleni. Yale ya kushika mtambo moja kwa moja yalitaka uwekewe muda wako. Foleni na miadi, kama hospitali ya Mwananyamala.

Ndiyo maana kijana anayejisifu kuwa programu yake "ni objekti tupu" hanitishi. Namuuliza: wawili wakibonyeza kwa pamoja, nani anasubiri, na anasubiri wapi? Wengi huanza kunichorea klasi nyingine. Na walimu wetu wangeanza na daftari la LUKU muhula wa kwanza, klasi zikaja baadaye. Mainjinia mlioko Mlimani, nipingeni.