Nilikula pesa ya poda ya sukari. Anko akalipa na mguu

Wasee, leo sichekeshi. Naongea na nyinyi wenzangu wa kupiga video mnaotangaza dawa ya "kumaliza sukari siku 21". Nawajua kwa sababu nilikuwa mmoja wenu.

Mwaka jana mtu aliniandikia inboksi: elfu tano, nishike mkebe, nitabasamu. Sikuuliza swali hata moja. Chuo nilishaacha, rent nadaiwa, manze nikatabasamu.

Anko wangu wa Kayole akaiona. Akaamini kwa sababu ni mimi. Tembe zake za metformin akazifungia kwa droo, akanunua mikebe mitatu. Miezi minne baadaye slipa ikamchubua kidole na hakusikia kitu. Sukari ikikaa juu miaka mingi inaharibu neva na mishipa ya damu, mguu unakufa ganzi, kidonda kinaoza na wewe unaendelea kutembea. Walimkata chini ya goti. Siwezi kuapa ni poda peke yake, sukari amekuwa nayo miaka tisa. Lakini hiyo miezi minne ni yangu. Na nilipofika wodini hakunigombeza. Aliniuliza kama naweza kumpatia mkebe mwingine, ameishiwa.

Sasa nyinyi kwa komenti huwa mnasema ati dawa za hospitali ni biashara tu, hakuna anayejua zinafanya nini. Uongo. Uingereza walianza kufuatilia wagonjwa 1977, watu 5,102 waliokuwa wamegunduliwa tu kuwa na sukari ya aina ya pili, mpaka 1997. Majibu yakatoka 1998: kundi lililodhibiti sukari vikali kwa dawa lilipata madhara ya mishipa midogo, kama ya macho, asilimia 25 chini ya lile lingine. Miaka 20 ya kupima watu! Poda yako imepimwa na nani? Na binamu yako?

Na msiniambie nadharau miti shamba. Metformin yenyewe asili yake ni mmea, Galega officinalis, uliotumika Ulaya zamani. Tofauti ni kwamba watu walikaa chini wakaichunguza, wakajua kiasi gani kinasaidia na kiasi gani kinaumiza.

Hapa kwetu pia tumepimwa. Watafiti walipita Korogocho na Viwandani 2008 na 2009. Kati ya waliopatikana na sukari, chini ya robo walikuwa wanajua wanayo. Walioweza kuidhibiti hawakufika watano kwa mia. Watano! Hao wengine wote ndio wateja wenu.

Najua karatasi za kupimia ni ghali. Mtu akichagua kati ya karatasi na unga, atanunua unga, na mimi pia. Basi pigieni hiyo kelele, mna wafuasi laki mbili. Ulizeni mbona zahanati ya mtaa haina karatasi. Ambieni watu wakague nyayo kila jioni, hiyo hailipiwi.

Video yangu nilifuta, lakini kuna watu waliidaunilodi na bado wanaipandisha. Ukiniona nimeshika mkebe wa kijani nikicheka, ripoti hiyo akaunti. Usinitagi kwanza, ripoti.