Kabla hujanunua mashine ya kunusa, mnuse ng'ombe wako

Wafugaji wananiuliza sana siku hizi kuhusu "mashine inayonusa magonjwa". Jibu langu: ni kitu cha kweli kabisa, ila hela yako usiitoe bado.

Pua ya kielektroniki si ngeni. Persaud na Dodd wa Chuo Kikuu cha Warwick, Uingereza, waliieleza mwaka 1982. Ndani kuna vihisio kadhaa, kila kimoja kinashtuka kivyake kikikutana na gesi, halafu kompyuta inalinganisha matokeo na harufu ilizofundishwa. Hapo kwenye kufundishwa ndipo nina wasiwasi. Iliyofundishwa kwa ng'ombe wa Ulaya itasemaje kwenye banda letu lenye mkojo, matete mabichi na moshi wa jikoni?

Chukua ketosisi. Ng'ombe wa maziwa mengi, wiki chache baada ya kuzaa, anatoa nguvu nyingi kwenye maziwa kuliko anayoipata kwenye chakula, basi mwili unaanza kuchoma mafuta yake. Anakataa pumba lakini majani anadokoadokoa. Maziwa yanashuka, anakonda, na pumzi yake inanukia tamutamu kama dawa ya kufutia rangi ya kucha. Hiyo ni asetoni. Huku kwetu akigoma kula tu, mtu anakimbilia sindano ya antibayotiki, ambayo haitibu ketosisi. Hela imeenda, ng'ombe anazidi kuisha, na maziwa ya siku hizo huruhusiwi kuuza.

Kumnusa pumzi wakati wa kukamua ni bure. Wengine hawaisikii harufu hiyo, kwa hiyo mwite na mwenzako anuse. Mkiisikia, mwiteni daktari wa mifugo apime mkojo au maziwa kabla ya sindano yoyote.

Ila pua isiaminiwe kwa kila kitu. Sumukuvu haina harufu. Mahindi yanayonukia vizuri yanaweza kuwa nayo. Na mnyama aliyekufa ghafla usimsogelee kumnusa wala kumchuna, huenda ni kimeta.

Hata panya wa APOPO pale SUA, Morogoro, wanaonusa makohozi kutafuta kifua kikuu, sampuli waliyoionyesha inarudiwa maabara kwanza. Mashine nayo iwe hivyohivyo: ionyeshe, kipimo kithibitishe. Muuzaji akija, muulize ilifundishwa kwa ng'ombe wa wapi, wanakula nini, na vihisio vikichoka nani anabadilisha, kwa bei gani.